Jina ni la Bach, mkono si wake

Na Mwandishi Wetu

KATIKA Maktaba ya Taifa mjini Berlin, Ujerumani, limehifadhiwa fungu la noti za muziki lenye alama P 595. Ndani yake mna kazi moja iliyoandikwa kwa mkono, na maelezo yake ni mafupi: tokata pamoja na fuga, ya kupigwa kwa mikono na miguu, ya J. S. Bach. Halafu kuna jina la pili, la Johannes Ringk, aliyejitaja kuwa ndiye mwandishi.

Mwandishi hapa ni mnakili. Ringk alishika kalamu akahamisha noti kutoka karatasi nyingine kuja kwenye yake, kama walivyofanya wanafunzi wengi wa kinanda enzi zile ambapo noti zilizopigwa chapa zilikuwa adimu na ghali. Karatasi aliyoinakili haipo tena. Hakuna ukurasa hata mmoja wa kazi hii ulioandikwa na Bach mwenyewe. Nakala nyingine zinazojulikana ni za baadaye, na wataalamu huzihesabu kuwa watoto na wajukuu wa hii ya Ringk.

Kazi yenyewe ni Tokata na Fuga katika D maina, namba 565 kwenye orodha ya kazi za Johann Sebastian Bach. Huenda msomaji hajui jina lake, lakini akizisikia noti tatu za mwanzo, mi-re-mi kwa wanaosoma solfa, kisha ule mteremko na kimya kizito kinachofuata, ataitambua papo hapo. Pengine hakuna kazi ya kinanda cha mabomba, au ogani, iliyosikika na watu wengi kuliko hii. Nayo inaning'inia kwenye uzi mmoja, yaani neno la mnakili aliyeandika kwamba mwenye mali ni Bach.

Kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyeuvuta uzi huo kwa nguvu. Mwaka 1981 mpiga kinanda na msomi Mwingereza, Peter Williams, aliuvuta. Katika jarida la Early Music aliuliza swali ambalo hadi leo halijafungwa: je, kweli hii ni ya Bach?

Kukimbia na kufuga

Kabla ya kuingia kwenye mabishano, tuielewe fuga yenyewe, maana wengi wetu tunaijua tokata, ule mwanzo wenye radi, tukaisahau sehemu inayoifuata ambayo ndiyo ndefu zaidi.

Neno fuga limetoka katika Kilatini na Kiitaliano, na maana yake ni kukimbia. Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kulipita bila kusimama, kwa kuwa kwetu kufuga ni kumweka mnyama karibu asikimbie. Nimekaa na maana hizi mbili kwa siku kadhaa na naziona zote ziko ndani ya muziki huu. Sauti moja inaanza kukimbia peke yake na kipande kifupi cha wimbo, tukiite mada. Kabla haijafika mbali, sauti ya pili inaingia na mada ileile kwa kimo kingine, kama inayoifukuza. Inakuja ya tatu, inakuja ya nne. Kazi ya mtunzi ni kuziacha zote zikimbie huku akihakikisha hakuna inayovunja ua.

Aliyeimba kwaya za makanisani Afrika Mashariki ameshaonja jambo la aina hii. Besi wanaanza peke yao, tena wanadakia, alto na soprano wanafuata, na kwa muda kila kundi lina maneno yake mdomoni. Katika kwaya hali hiyo hudumu kwa mistari michache, kisha wote hukutana kwenye kiitikio. Katika fuga hakuna kiitikio cha kupumzikia. Mbio ndiyo wimbo wenyewe.

Mada ya fuga hii ya D maina ni mwendo wa noti fupifupi ambapo noti moja, A, inarudi kila baada ya noti nyingine. A haihami. Kati ya A moja na nyingine inapita noti inayotembea: inashuka ngazi, inapanda, inashuka tena. Sikio linasikia watu wawili, mmoja amesimama mlangoni akibisha hodi bila kuchoka, mwingine anazunguka nyumba. Lakini ni mstari mmoja unaopigwa kwa mkono mmoja. Tena noti zake tatu za kwanza, A-G-A, ni zilezile zilizofungua tokata. Zilipoanza zilikuwa ngurumo, sasa zimegeuka mwendo wa miguu myepesi.

> "A haihami. Kati ya A moja na nyingine inapita noti inayotembea."

Mashtaka ya Williams

Williams hakuwa mtu wa kutafuta sifa kwa kubomoa. Alikuwa amezama katika muziki wa ogani wa Bach kuliko watu wengi wa kizazi chake, na shaka yake ilitokana na kusoma noti moja baada ya nyingine.

Kwanza alitazama mwanzo. Mikono yote miwili inapiga wimbo uleule, mmoja ukiwa oktavu moja chini ya mwingine, tena kwa muda mrefu. Bach ambaye tunajivunia uwezo wake wa kusuka sauti nne tofauti anafanyaje kuanza kwa sauti moja iliyorudufishwa? Katika kazi zake nyingine za ogani hakuna mwanzo unaofanana na huu. Wenye shaka wanasema tabia hiyo ni ya kizazi kilichomfuata.

Kisha akaigeukia fuga. Kanuni ya kawaida inataka sauti ya pili ijibu mada kwa kimo cha hatua tano juu. Hapa jibu linakwenda G maina, upande mwingine kabisa. Mbele kidogo mada inajitokeza katika C maina, mahali ambapo fuga ya D maina haina shughuli ya kufika. Halafu kuna pale ambapo sauti zote zinanyamaza na miguu pekee inapiga mada kwenye pedali, bila mkono wowote kuisindikiza. Fuga inajengwa kwa sauti kusindikizana. Kuiacha mada uchi namna hiyo ni jambo ambalo Bach wa Leipzig, yule mzee wa kanuni, asingetarajiwa kulifanya.

Mwisho wa kazi nao ulimsumbua. Zama zile muziki wa maina ulizoea kumaliza kwa kung'aa kidogo, noti za mwisho zikigeuzwa meja. Hii inaanguka kutoka G maina hadi D maina na kubaki gizani.

Williams hakuishia kukanusha. Alitoa dhana kwamba huenda kazi hii ilianzia kwenye fidla moja isiyo na msindikizaji, baadaye mtu mwingine akaihamishia kwenye ogani. Turudi kwenye mada yenye A isiyohama. Kwa mpiga fidla huo ni mchezo wa kila siku: uzi mmoja unaachwa ulie wazi bila kubanwa, uzi wa jirani unabanwa na vidole, na upinde unapepea kati ya nyuzi mbili. Mkono wa kulia ndio unaofanya ufundi. Msikilizaji wa taarabu aliyewahi kumtazama mpiga fidla kwa karibu ameuona upinde ukivuka nyuzi kwa namna hiyo. Kwenye vibao vya kinanda kitu hicho kinawezekana, lakini hakizaliwi pale.

Dhana hiyo ilipata wafuasi wenye upinde mkononi. Waholanzi na Waingereza wa fidla za kale, Jaap Schröder na Andrew Manze wakiwamo, walitengeneza matoleo ya fidla peke yake. Wengine walipendekeza selo, wengine kinanda cha nyuzi. Mwaka 1995 Mjerumani Rolf-Dietrich Claus alitoa kitabu kizima kuhusu uhalali wa kazi hii, na hukumu yake ilikuwa dhidi ya Bach.

Kijana wa miaka 18 mbele ya kinanda kipya

Mtetezi mwenye jina kubwa zaidi ni Christoph Wolff, aliyekuwa profesa Harvard na baadaye akaongoza Hifadhi ya Bach ya Leipzig. Yeye hakatai kwamba kazi hii ni ya ajabu. Anasema tunamtafuta Bach asiye sahihi.

Julai 1703, Bach akiwa na miaka 18, aliitwa katika mji wa Arnstadt, Thuringia, kukagua kinanda kipya cha mabomba kilichojengwa na Johann Friedrich Wender. Kilikuwa na safu mbili za vibao vya mikono na moja ya pedali. Aliwapigia waumini, wakavutiwa, na Agosti akapewa ajira. Kanisa hilo leo linaitwa Kanisa la Bach.

Hapo ndipo hoja ya oktavu inapopinduka, na kwangu mimi hiki ndicho kipande kitamu kuliko vyote katika kesi hii. Mabomba ya ogani yanayoitwa ya futi 8 hulia kwa kimo kile kile kilichoandikwa. Ya futi 16 hulia oktavu moja chini, ndiyo yanayotia uzito kifuani. Wolff anaeleza kwamba safu za mikono za kinanda cha Arnstadt hazikuwa na mabomba ya futi 16. Kijana anayetaka kinanda chake kingurume kama vile vikubwa alivyosikia kaskazini mwa Ujerumani angefanyaje? Angepiga kila noti mara mbili, juu na chini, na kuutengeneza kwa vidole uzito ambao mjenzi hakuuweka. Kinachoonekana kwa Williams kama umaskini wa mawazo kinakuwa werevu wa fundi asiye na kifaa.

> "Angeutengeneza kwa vidole uzito ambao mjenzi hakuuweka."

Tabia ya kijana huyo nayo inajulikana kwa kumbukumbu za mji. Mwishoni mwa 1705 aliomba ruhusa ya wiki nne, akasafiri hadi Lübeck kumsikiliza bingwa Dieterich Buxtehude, safari ya zaidi ya kilomita 400 ambayo inasimuliwa kuwa aliifanya kwa miguu. Alikaa karibu miezi minne. Aliporudi, Februari 1706, wakubwa wa kanisa walimwita kumkemea, si kwa kuchelewa tu bali pia kwa kuingiza mapambo ya ajabu na sauti ngeni katika nyimbo mpaka waumini wakachanganyikiwa.

Mtu wa namna hiyo kumpeleka msikilizaji C maina bila kibali hakuhitaji maelezo mengi. Wala kuiachia miguu ikimbie peke yake. Muziki wa kaskazini aliokuwa akiutamani ulijaa vituo vya ghafla, ngurumo na fuga zilizobanwa katikati ya mbwembwe za vidole, na Tokata na Fuga ya D maina imejengwa kwa mpango huohuo.

Kuhusu fidla, watetezi wanajibu kwamba Bach alikuwa mpiga fidla pia. Fuga ya sonata yake ya kwanza ya fidla peke yake, katika G maina, ipo pia katika umbo la ogani. Mada yenye harufu ya fidla basi haimfukuzi nyumbani kwake.

Ringk ni shahidi wa aina gani?

Pande zote mbili zinarudi kwa mnakili yuleyule. Ringk alizaliwa 1717, wakati Bach ameshaondoka Arnstadt miaka kumi nyuma. Hakuwa pale. Alichokijua huenda alikipata kwa mwalimu wake, Johann Peter Kellner, mpiga kinanda wa Thuringia aliyekuwa mkusanyaji asiyechoka wa kazi za Bach. Kellner ndiye aliyenakili kazi za fidla peke yake mwaka 1726, Bach akiwa hai. Nyumba hiyo haikuwa ya uvumi.

Wenye shaka wanajibu kwamba mwalimu anayependa muziki wa mtu mmoja ndiye pia mwenye kishawishi cha kuliona jina hilo kila mahali. Ni jibu la haki. Lakini kuna kantata ya harusi ya Bach, namba 202, ambayo waimbaji wa soprano wanaipenda sana. Nayo imetufikia kwa nakala moja tu, ya mwaka 1730. Mnakili ni Johannes Ringk, akiwa mtoto wa miaka 12 au 13. Hakuna anayeiondoa kantata hiyo mikononi mwa Bach. Kama neno la mtoto linatosha kwa kantata, kwa nini neno la mtu yuleyule lisitoshe kwa fuga?

Sisi wa pwani tunapaswa kuwa wa mwisho kumdharau mnakili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangekuwa yamepotea zaidi kama si juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya kutoka vinywa na kumbukumbu za watu, mshairi mwenyewe akiwa kaburini. Tunasoma Muyaka kwa imani tuliyonayo kwa Sikujua.

Kinachogombewa

Mtu anaweza kuuliza: muziki si ni uleule? Jina lina kazi gani?

Lina kazi kubwa. Tazama yaliyowapata wengine. Minueti ya G meja ambayo watoto wengi wanaojifunza piano huanza nayo ilijulikana kwa miongo kama ya Bach. Sasa tunajua ni ya Christian Petzold wa Dresden. Wimbo mpole ulioko katika daftari la Anna Magdalena, mke wa Bach, unaoimbwa harusini na mazikoni, ni wa Gottfried Heinrich Stölzel. Zile preludi na fuga ndogo nane ambazo wapiga kinanda wa makanisa wanajifunzia nazo zimo mashakani. Jina likishaondoka, kazi huanza kupungua katika ratiba za maonyesho na vitabu vya mafunzo, ingawa hakuna noti hata moja iliyobadilika. Petzold anasikilizwa kwa sababu alikaa miaka mingi chini ya mwavuli wa mwingine.

Mlango huo unafunguka pande zote mbili. Novemba 17, 2025, Leipzig ilitangaza chakona mbili za ogani ambazo hazikuwa na jina la mtunzi, na kuzitambua kuwa za Bach kijana. Mtafiti Peter Wollny alikuwa amezifuatilia kwa zaidi ya miaka 30, hadi mwandiko ulipotambuliwa kuwa wa Salomon Günther John, mwanafunzi wa Bach. Ton Koopman alizipiga katika Kanisa la Thomas, liliko kaburi la Bach leo. Mwaka wa nakala hizo ni 1705, na mwanafunzi huyo alisoma kwa Bach palepale Arnstadt. Pale karatasi bila jina imepata jina kupitia mnakili. Huku karatasi yenye jina inadaiwa ilivue kwa sababu ya mnakili.

Kuna hasara nyingine ambayo haizungumzwi sana. Kazi hii ilichapishwa mara ya kwanza 1833, Adolf Bernhard Marx alipoitoa Leipzig katika mkusanyo wa kazi za ogani za Bach alizoziita zisizojulikana sana. Karne moja baadaye ilikuwa imekwisha kuwa sauti ya hofu. Ilifungua filamu ya Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya 1931. Mwaka 1954 mhusika wa filamu, Kapteni Nemo, aliipiga ndani ya nyambizi yake. Leopold Stokowski, aliyeiandikia okestra na kuiweka mwanzoni mwa filamu ya Fantasia ya 1940, aliwapa watu wa sinema fuga pamoja na tokata. Kwingine wengi walichukua sekunde za mwanzo, wakaweka zimwi juu yake, wakaiacha fuga mlangoni.

Naandika haya nikiwa upande wa kijana wa Arnstadt. Sina ushahidi mpya; nimeisikiliza fuga hii usiku baada ya usiku, na kila kosa lililoorodheshwa na Williams nililisikia kama mahali ambapo damu inachemka. Ile pedali peke yake ndiyo sehemu ninayoingoja. Hata hivyo nina deni kwa Williams. Bila swali lake nisingejua kwamba pale kuna la ajabu la kusikilizwa, na ningeendelea kuzima baada ya ngurumo za mwanzo kama wengi wanavyofanya.

Anayetaka kuamua mwenyewe atenge dakika tisa hivi. Aiache tokata ipite. Fuga ikianza, aishike ile A inayobisha hodi na kuihesabu kila inapoingia: juu, katikati, chini, kisha miguuni peke yake. Karibu na mwisho sauti zote zitakusanyika na kushuka kwa pamoja, na sikio litajua kwa hakika kwamba noti inayokuja ni D, kwamba ua umefungwa.

Inakuja B flati. Mbio zinavunjika, vidole vinatawanyika tena kama kwenye tokata, kasi inabadilika mara baada ya mara, na ndipo noti za mwisho, nzito, za maina, zinashuka kutoka G hadi D na kubaki hewani mpaka mpigaji atakapoinua mikono.